Fyuzi Haikuungua Bure

 

Juzi Alhamisi nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa binti mmoja anayeishi Iowa. Sekunde za mwanzo hakuna mtu anayezungumza. Kuna ngurumo tu, na kitu kinachogonga bati, tak, tak, tak, kama kifungo cha suruali kinapozungushwa ndani ya pipa. Halafu ndiyo sauti yake: “Shikamoo mama. Hiyo unayoisikia ni draya yangu. Inazunguka kama kawaida, lakini saa nzima imepita na nguo bado mbichi, tena za baridi. Shemeji anasema ni fyuzi. Jioni akitoka kazini atakuja kuiunga dairekti. Nimuache?”

Nilimpigia palepale. Marahaba mwanangu, nikamwambia, mpokee shemeji yako, mpe chai, lakini waya asiunge. Sababu nilimweleza kwa ufupi kwa kuwa mtoto alikuwa analia. Leo nataka niieleze yote, maana najua draya ya Iowa si ya peke yake. Wengi wetu huku Marekani tumeikuta mashine hiyo ndani ya nyumba siku tuliyopewa ufunguo, hatukufundishwa na mtu, na siku ikigoma tunarudi kwenye ufundi tuliokuja nao kutoka nyumbani.

Neno hilo dairekti tumekua nalo. Fyuzi ya redio imeungua, fundi anakata kipande cha waya wa shaba, anakichomeka mahali pa fyuzi, redio inaimba. Umeme wa nyumba unakatika kila pasi ikiwashwa, mtu anasokota nyuzi tatu za waya mahali pa mmoja, taa zinarudi, watoto wanashangilia. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa umeme Tanga, na kazi hiyo aliikataa. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi. Mteja akisema, “Fundi, weka waya mnene, tumechoka kubadilisha,” baba alikuwa anashuka kwenye ngazi, anafuta mikono, anauliza: “Kabla haijakatika, mlikuwa mmewasha nini?” Alitaka kujua fyuzi imeona nini. Ndivyo alivyokuwa akisema: imeona nini.

Swali hilo la baba ndilo lililoniongoza miaka miwili iliyopita, Januari, hapa Minnesota, draya yangu ilipofanya hivihivi kama ya binti wa Iowa. Nje baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndani nilikuwa na sare za watoto, mataulo, mashuka mawili na kanga zangu, vyote vimelowa, na hakuna pa kuanika. Pipa lilizunguka dakika 60, likazunguka 60 nyingine. Nikafungua mlango nikatia mkono. Mataulo yalikuwa baridi kama yaliyotoka kisimani.

Niseme kwanza mashine yenyewe inafanyaje kazi, kwa sababu ukiielewa utajua uanzie wapi. Wengi wakiitazama draya wanaona jua lililofungiwa ndani ya sanduku. Mimi nawaomba muone upepo. Aliyeanika nguo pwani anajua: siku ya joto lisilo na upepo, kanga inakaa kambani mpaka alasiri na pindo bado bichi. Siku ya kusi, hata mawingu yakitanda, kanga ileile inapepea na kukauka kabla wali haujaiva. Joto linayageuza maji kuwa mvuke, lakini upepo ndio unaouchukua mvuke ukaenda nao. Draya ina feni inayovuta hewa ya chumbani, ikaipitisha kwenye koili ya moto, ikaiingiza ndani ya pipa penye nguo, ikaipenyeza kwenye chujio, kisha ikaisukuma kwenye bomba mpaka nje ya nyumba. Njia hiyo ikiziba mahali popote, mvuke unabaki umezigandia nguo.

Tena kuna jambo la pili, na hili ndilo kubwa. Ile koili ni ya wati 5,000 hivi. Fikiria pasi tano zimewashwa kwa pamoja ndani ya kisanduku cha bati. Kinachoizuia isipitilize joto ni ule upepo unaopita juu yake. Upepo unaokausha nguo ndio unaoipoza koili. Ukipungua, nguo hazikauki na koili inazidi kuwaka, yote mawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo sikuanza na bisibisi. Nilivaa koti, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mpaka ukuta wa nyuma mahali bomba linapotokea. Pale pana kifuniko chepesi chenye vipande vinavyoinuka hewa ikivisukuma. Draya inapofanya kazi vizuri katika baridi ya namna ile, mvuke hutoka mweupe na mzito, unauona kutoka barabarani kama moshi wa jiko la kuni. Kwangu, kwa kuwa koili ilikuwa imezima, mvuke sikuutarajia. Nilitaka kuona upepo. Nikavua glavu nikaweka kiganja. Kilichonifikia kilikuwa pumzi ya mtoto aliyelala. Vile vipande vya kifuniko havikuinuka hata kidogo. Na pembeni, kwenye theluji, palikuwa na pamba ya kijivu imeganda.

Niliporudi ndani nilikuwa najua nusu ya habari. Lakini baba alinifundisha nisikimbilie jibu, basi nikaenda kwenye kabati la breka. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mliozoea umeme wa nyumbani. Kwetu Tanzania na Kenya nyumba ya kawaida huingiziwa laini moja yenye volti 230 au 240 na nyutro. Marekani nyumba inaingiziwa laini mbili. Kila moja na nyutro inatoa volti 120, na laini kwa laini zinatoa 240. Draya ya umeme inazitumia zote mbili: koili inakula volti 240, lakini mota inayozungusha pipa inatosheka na laini moja, volti 120. Breka yake huwa pacha, ya ampea 30, vishikio viwili vimeunganishwa. Ikitokea imekatika ile laini isiyolisha mota, mota itazunguka, taa ya ndani itawaka, utasikia ngurumo ileile unayoijua, na joto hutapata hata ukingoja mpaka kesho.

Na breka ina tabia ya kudanganya macho. Inaweza kuwa imekatika ndani huku kishikio kinaonekana kimesimama karibu na pale pa kuwashia. Usiitazame tu. Isukume yote mpaka kuzima, uisikie, kisha irudishe mpaka kuwasha. Kuna watu wamelipa fundi pesa nyingi kwa kazi hiyo ya sekunde mbili, na inaniuma kila nikisikia. Mimi niliisukuma nikairudisha. Mataulo yakabaki baridi. Basi si hapo.

Nikachomoa chujio. Hili la pamba kila mtu analijua. Unakung'uta ule utandu wa kijivu kila baada ya mzigo, na mimi nilikuwa nakung'uta. Kwa macho lilikuwa safi. Nikalipeleka kwenye sinki nikalimiminia maji kidogo. Maji hayakupita. Yalikaa juu ya wavu kama yanavyokaa juu ya jani la mgomba, yakatetemeka, yakabaki. Nikaliinua kwenye taa nikaona kila tundu limefunikwa na ngozi nyembamba isiyoonekana kirahisi. Hayo ni mabaki ya zile karatasi za manukato tunazotupia ndani nguo zilainike. Joto linayeyusha nta yake, nta inakaa kwenye wavu, na wavu unakuwa ukuta. Maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu viliiondoa. Maji yakaanza kupita. Jaribuni hili leo nyumbani, ni la dakika tatu, na mimi karatasi zile sijazitumia tena tangu siku hiyo.

Baada ya hapo ndipo nikachomoa plagi. Narudia: nikachomoa plagi ukutani, sikuzima kwa kitufe tu. Nikavaa glavu za kazi kwa sababu bati la ndani ya draya lina makali kama wembe, nikaivuta mashine kutoka ukutani.

Bomba lililokuwa nyuma yake sikulifunga mimi, nililikuta. Lilikuwa la plastiki nyeupe, la kujikunja, lenye mbavu za waya, na draya ilikuwa imelikandamiza ukutani mpaka likawa bapa. Nililegeza kibanio nikalivuta. Halikutoka jepesi. Lilikuwa zito, na lilipoachia, kitu kilianguka sakafuni kwa kishindo kidogo. Nilikiokota. Kilikuwa pamba iliyoshindiliwa, ndefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, imechukua umbo la bomba lenyewe, na mbavu za bomba zimejichora juu yake. Nje ya kijivu, katikati imelowa na inanuka uvundo. Na upande ule uliokuwa karibu na mashine ulikuwa wa hudhurungi. Nikausugua kwa kidole ukamomonyoka, mkavu, kama mkate uliokaa sana motoni.

Nilikaa chini wasikilizaji. Watoto wangu walikuwa wanalala ukuta wa pili.

Sasa fyuzi. Nilifungua bati la nyuma, skrubu tisa, nikazipanga kwenye kifuniko cha sufuria zisipotee. Kwenye kisanduku cha koili kuna vitu viwili vidogo vya mviringo, kila kimoja na nyaya zake mbili. Kimoja ni themostati: joto likizidi inakata, ikipoa inaunga tena, inaweza kufanya hivyo miaka. Cha pili ni fyuzi ya joto. Hii inakata mara moja tu na hairudi. Katika draya nyingi za aina yangu imewekwa ikate joto likifika kama nyuzi 178 za Selsiasi, yaani baada ya themostati kushindwa kutuliza mambo au kuchoka kabisa. Nikachomoa waya zake, nikaweka mita kwenye kipimo cha kutazama kama njia imeunga, nikagusa ncha mbili. Themostati ikapiga mlio. Fyuzi ikanyamaza. Nikageuza, nikagusa tena, ikanyamaza. Koili nayo nikaipima, ikawa nzima.

Shemeji wa Iowa basi hakukosea. Mara nyingi ni fyuzi kweli, na kwangu ilikuwa fyuzi. Ndiyo maana nataka kuzungumza naye kwa heshima, kwa sababu mtu anayejua kitu kimeungua yuko karibu sana na ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Shemeji, kile kipande cha waya utakachoweka kitarudisha joto usiku huohuo. Nguo zitaanza kupata moto, nyumba nzima itakushukuru. Lakini bomba litakuwa limeziba vilevile, koili itakuwa inawaka bila upepo vilevile, pamba itakuwa palepale, na yule mmoja aliyekuwa amepewa kazi ya kusema “basi” utakuwa umemtoa. Fyuzi ya mashine yangu iliona pamba imeanza kubadilika rangi. Iliona kabla yangu.

Hesabu zipo. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010, draya zilisababisha mioto kama 2,900 majumbani kila mwaka, watu 5 wakifa na 100 wakijeruhiwa kwa mwaka. Chanzo kilichoongoza, asilimia 34, kilikuwa kutosafisha. Na mwezi ulioongoza kwa mioto hiyo ni Januari, wakati nguo ni nzito na mashine haipumziki.

Kurekebisha hakukuwa kazi kubwa. Fyuzi na themostati huuzwa pamoja kwenye kifuko kimoja, kwa dola chache ukilinganisha na bei ya draya, na ni vyema kubadilisha zote mbili hata kama moja imepiga mlio. Chukua namba ya modeli kamili, ile ya kwenye kibandiko ukifungua mlango, siyo jina la kampuni tu. Mimi nilisoma namba vibaya nikaletewa kifuko kisichoingia. Koili niliiacha. Chini ya pipa nikatumia kifyonza vumbi chenye mdomo mwembamba, na pamba niliyotoa humo ilijaza mfuko wa sokoni.

Bomba la plastiki nililitupa. Linalofaa ni la bati gumu, laini kwa ndani, la inchi 4. Lile la kujikunja, liwe la plastiki au la karatasi ya fedha, pamba inanasa kwenye kila mkunjo, na la plastiki linaungua pamoja na pamba. Maungio yafungwe kwa utepe wa alumini au vibanio, si kwa skrubu zinazochomoza ndani, kwa sababu ncha ya skrubu ni ndoano ya kunasia pamba. Nje usiweke wavu wa kuzuia panya, wavu nao utashika pamba. Kifuniko chenye vipande vya kujifunga kinatosha. Na bomba liwe fupi. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi zinaweka ukomo wa futi 35, na kila kona kamili inahesabiwa kama imekula futi 5. Langu lilikuwa na kona tatu mtu alizoweka bila sababu ninayoiona. Nimebakisha moja.

Kuna wenye draya ya gesi. Hiyo plagi yake ni ya kawaida, ya volti 120, na yale niliyosema ya laini mbili hayaihusu. Lakini bomba linaihusu zaidi. Ndani ya hewa inayotoka mna moshi wa gesi, na moshi huo una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaua watu wamelala. Nimesikia wenzetu wakisema wakati wa baridi wanalichomoa bomba ili lile joto libaki chumbani, lisipotee bure. Kwa draya ya umeme utapata ukungu kwenye kuta na pamba kwenye mapafu. Kwa draya ya gesi unaweza usiamke. Naomba tusifanye hivyo. Sehemu ya gesi yenyewe muachie fundi mwenye leseni.

Kama umepanga, muandikie mwenye nyumba, uandike kweli, wala usimwambie kwa mdomo tu, na uambatishe picha ya kifuniko cha nje. Bomba lililo ndani ya ukuta ni lake.

Hitilafu nyingine nazipitia haraka. Pipa halizunguki na mota inavuma: mkanda umekatika, utajua ukisukuma pipa kwa mkono likaenda jepesi mno. Haiwaki kabisa: anza na mlango, kile kiswichi kidogo kinachobonyezwa mlango ukifungwa. Inagonga kwa mpigo mmoja mzito hata ikiwa tupu: magurudumu yanayobeba pipa yamekula upande. Ile tak tak ya binti yetu ilikuwa kifungo kweli, nilimuuliza.

Na jambo moja la jikoni kwetu. Vitambaa tulivyofutia mafuta ya maandazi au ya samaki, hata vikifuliwa mafuta hubaki. Vikikaushwa kwa moto kisha vikarundikwa vikiwa vya moto, mafuta yale yanaendelea kujipasha yenyewe ndani ya rundo, na yanaweza kuwaka saa kadhaa baadaye mashine ikiwa imezimwa. Vya namna hiyo vianikwe, hata juu ya kiti.

Jioni ile ya Januari niliporudishia bati la nyuma, nilichomeka plagi, nikatia mataulo matatu tu, nikawasha, nikamtuma mwanangu mkubwa nje na tochi. Nilisubiri dirishani. Dakika mbili, tatu. Kisha nikamwona anarudi nyuma hatua moja, na mbele yake, kwenye mwanga wa tochi, mvuke mweupe unatoka ukutani na kupanda. Akaweka mkono, akautoa haraka, akageuka akanipungia.

Binti yetu, jana usiku umeniandikia kwamba shemeji alikuja, mkanywa chai, na waya hakuunga. Mmesukuma breka, haikuwa hiyo. Chujio mmelimiminia maji, yakakaa. Umesema leo mchana, kukishakuwa na mwanga, mtaivuta mashine. Plagi kwanza. Mtoto awe chumba kingine, na shemeji avae glavu. Mkilichomoa bomba, nipigieni picha ya kilichomo kabla hamjakitupa. Simu yangu nitaiacha wazi mpaka magharibi.